Kikombe cha Batnoami

Mjini Sidoni, vikombe vya Abdeshmuni vilisifiwa kuliko vya mafundi wa kioo wote. Alipuliza kioo cha moto ndani ya kalibu ya udongo, na kikombe kikatoka kimezungukwa na majani ya mzabibu. Lakini kalibu zenyewe zilichongwa na dada yake, Batnoami. Katika kila moja alichonga maneno yale yale: "Abdeshmuni alinifanya." Miaka ishirini jina lake mwenyewe halikuonekana popote.

Kisha macho ya Batnoami yakaingia ukungu. Kalibu ya mwisho aliichonga miezi minane, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Alipoimaliza, giza lilikuwa limetanda machoni pake.

"Hii ndiyo ya kuagia kazi," alisema, akimkabidhi Abdeshmuni ikiwa imefungwa kamba. "Puliza taratibu, mdogo wangu."

"Leo unanifundisha kupuliza?" Abdeshmuni alimcheka.

Akapuliza. Kesho yake, kikombe kilipopoa, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa cha buluu, chembamba kama ganda la yai. Akasoma: "Batnoami alinichonga."

Damu ikamchemka.

"Umeniibia jina!"

"Ngoja, Abde, hujama—"

"Nyamaza! Mapafu yangu, jasho langu, halafu jina lako?"

Akaibamiza kalibu sakafuni, kikombe nacho kikafuata.  Batnoami akapiga magoti akaanza kupapasa vipande, vidole vikichuruzika damu, mpaka akapata alichokitafuta.

"Soma na hiki," akasema.

Kilikuwa kipande cha upande wa pili wa kikombe. "Abdeshmuni alinipuliza."

"Nilitaka tuwemo wote wawili, Abde. Basi."

Abdeshmuni akaanguka miguuni pake akilia kama mtoto. "Chonga nyingine, dada. Nakusihi!"

"Kwa macho ya nani?"

Siku nzima Abdeshmuni alijaribu kuunganisha vipande vya kalibu kwa nta. Jioni alipuliza kioo ndani yake, nta ikayeyuka, kalibu ikaachana mikononi mwake. Batnoami alifariki kabla ya mavuno ya zabibu, pasipo kumlaumu hata kwa neno moja, na ukimya huo ulimkereketa nduguye kuliko matusi. Kalibu kuukuu zikapasuka moja baada ya nyingine, wanunuzi wakahamia kwingine, tanuri likapoa. Abdeshmuni akabaki peke yake, na katika Sidoni nzima hapakuwa na kikombe hata kimoja chenye jina la dada yake. Hasira, hasara.