Mchungaji Aliyeijua Hewa Mbaya Akanyamaza

Kale, wajukuu zangu, kale hasa, kabla barabara haijapanda huku mlimani. Mpo? Semeni mpo. Basi sikilizeni, wala msicheke, maana kisa hiki kina aibu, na aibu nyingine ni ya ukoo wetu.

Palikuwa na mchungaji akiitwa Elikunda. Alimpenda Mungu, akapenda na kuchunguza. Akiona moshi, atauliza unakwenda wapi. Akiona povu, atauliza limetoka wapi. Nyumba yake ilijaa chupa, vibuyu na vibofu vya mbuzi.

Jirani yake alikuwa Ndeanasia, mpika mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi. Jumapili mchungaji anaikemea pombe mimbarini, Jumatatu anaingia kwa Ndeanasia na daftari. Ndiyo, huyo huyo!

Siku moja Ndeanasia alimwambia, "Mchungaji, njoo uone." Akashusha kijinga cha moto ndani ya mtungi, juu kidogo ya pombe. Kikazima. Akakiwasha, akakishusha. Kikazima.

"Humu imelala hewa mbaya," akasema. "Huioni, lakini ipo. Mama yangu alinionya nisiinamishe kichwa humu."

Elikunda akaichota hewa ile kwa vibofu, akaipima, akaandika kurasa na kurasa. Jina la Ndeanasia hakuliandika. Na wazee wa kanisa walipomuuliza, "Ni kweli unaingia kwa yule mpika pombe?" akajibu, "Mimi? Sijawahi."

Wiki ile ile wazee wakaenda kuivunja mitungi ya Ndeanasia. Mmoja wao alikuwa babu yangu mimi. Alirudi nyumbani suruali imerowa mbege, anajisifu.

Ukaja ukame. Kanisa likachimba kisima uani. Mchimbaji, Ndekirwa, alipumzika wiki nzima kwa ajili ya msiba, kisha akarudi kazini. Elikunda alikuwepo. Alikiona kile kina kilichokaa wiki bila mtu, akakumbuka mtungi na hewa inayolala chini. Alitaka kusema, "Shusheni taa kwanza." Lakini wazee wangemuuliza, umejifunzia wapi? Akanyamaza.

Ndekirwa akashuka anaimba. Wimbo ukakatika.

"Ndekirwa!" Kimya. "Ndekirwa we!" Kimya.

Mdogo wake akaishika kamba ashuke kumfuata. Ndipo Ndeanasia akaja mbio. "Asishuke! Shusheni taa kwanza!"

"Toka hapa, mpika pombe!" Huyo babu yangu.

"Mchungaji, waambie. Wewe unajua."

Watu wote wakamgeukia. Elikunda akatazama viatu vyake. Akavitazama, akavitazama, kisha sauti ikamtoka: "Asishuke! Mama huyu anasema kweli. Nilijifunza kwake, nyumbani kwake. Niliwadanganya."

Taa ikashushwa, ikazima. Wakamwaga maji, wakapandisha na kushusha matawi yenye majani ili kuifukuza ile hewa, mpaka taa ikawaka hadi chini. Wakamtoa Ndekirwa. Alikuwa amekwisha kufa.

Jumapili Elikunda hakupanda mimbarini. Alisimama chini, akaeleza yote. Mjane wa Ndekirwa akainuka.

"Ulijua kabla hajashika kamba?"

"Nilijua."

"Ukaogopa nini?"

"Kuonekana nimeingia kwa mpika pombe."

Mama yule akaifunga kanga yake vizuri, akambeba mwanawe, akatoka.

Elikunda aliyaandika maandishi yake upya. Akampelekea Ndeanasia, na kwa kuwa mama huyo hakujua kusoma, akamsomea: "Haya yote nilifundishwa na Ndeanasia, jirani yangu."

Ndeanasia alisikiliza huku anapepeta ulezi. "Ni vizuri, Mchungaji," akasema. "Ila Ndekirwa hasikii."

Na babu yangu? Hakuomba radhi. Mpaka anakufa alikuwa akizunguka njia ya mbali asipite mlangoni kwa Ndeanasia. Mimi ndiye ninayesema leo, na bado uso unaniwaka.

Basi wajukuu zangu, ukijua neno la kumwokoa mtu, liseme pale pale, hata kama litakuvua nguo mbele za watu. Na aliyekufundisha, mtaje.

Kisa nimekitua chini. Mwenye mabega na akibebe.