Kikofia cha Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ghala!

Na mwenye njaa yuko nje!

Haya, apeni kwanza: hamtamwambia mtu. Hata mimi niliapa mbele ya Bi Kanga aliyenipa siri hii, na tangu hapo nimewaambia majirani tu. Na wa kisimani.

Basi kulikuwa na njaa. Ghala la mahindi ya wote alilishika Kiboko, akalitia mlango wa chuma wenye akili ya kompyuta. Kila siku akitangaza, "Jamani, mahindi yameliwa na wadudu, fukusi!" Na kila siku tumbo lake likizidi.

Kuchakulo, yule ndugu yake kindi, alikuwa na watoto watano, siku ya tatu hawajala. Akakumbuka jambo. Siku mlango ulipoandikisha wanyama, viboko wakubwa waliandikwa kwanza, na ndama wao walikuwa bado wanaoga. Kuchakulo akajipenyeza na wanawe, wakaandikwa. Ndama wakaja nyuma yao.

Na Kiboko ni mvivu! Kwenye kibao cha mle ndani, cha wanaofunguliwa mlango, aliandika kiboko wa kwanza, akachora kistari, akaandika ndama wa mwisho. Kistari maana yake "mpaka".

Kuchakulo akaenda. Hodi! Mlango, tiii, ukafunguka! Akala, akabeba. Kesho yake hodi! Tiii! Akala, akabeba.

Siku ya tatu Kiboko akamfuma.

"We mkia wa ufagio! Nimeandika viboko tu!"

"Umeandika kutoka yule mpaka yule, mzee wangu. Wa katikati uliwauliza?"

"Leo nakufungia nje!"

"Mbona rahisi, babu? Chora kikofia, kialama kama paa la nyumba, mwanzoni mwa maandishi. Mlango utasoma 'wote isipokuwa'. Kisha futa yale, uniandike mimi."

Kiboko akamrusha nje, puu! Akachora kikofia. Harufu ya mahindi ikampata. "Kufuta, nikishiba," akasema.

Nje, Kuchakulo akapiga yowe: "Njooni! Ghala liko wazi!"

Nyumbu, hodi! Tiii! Kobe, hodi! Tiii! Kijiji kizima, tiii, tiii, tiii! Kuchakulo mwenyewe mlango ulimkataa, maana bado yumo kati ya kiboko wa kwanza na ndama wa mwisho; Nyumbu akamtolea debe zima.

Kiboko akaukimbilia mlango. Kimya. Akausukuma. Kimya. Akageuka, magunzi mawili yananing'inia mdomoni, watu wote wanamtazama.

Kobe akamzunguka polepole. "Kumbe fukusi lenyewe ndilo hili?"

Fundisho, wajukuu zangu: msijipenyeze katikati ya wakubwa. Kaeni nje kwa adabu, mfe njaa.

Hadithi yangu imeishia ghalani. Punje ni zenu, makapi nirudishieni. Na siri ni ile ile.