Bi Digidigi na Gari la Laki Tatu

Hapo zamani za kale, wanangu, wala si kale sana, maana magari yalikuwepo na wanyama ndio walioyaendesha, Bi Digidigi aliishi juu mlimani na watoto wake watatu. Alikuwa mjane, mdogo wa umbo, miguu myembamba kama vijiti. Lakini nyanya zake! Hakuna aliyelima nyanya kama zile.

Shida ilikuwa njia. Punda, aliyekuwa akimshushia mizigo sokoni, magoti yalikuwa yamemshinda. Msimu uliopita nyanya ziliozea mlangoni, tenga juu ya tenga, na Bi Digidigi akalia mpaka kwikwi ikamshika. Akaapa kununua gari. Akiba yake ilitosha gari moja tu, la mkononi, lililokwisha kutumika. Akikosea, nyanya zitaoza tena, na watoto watafukuzwa shule.

Basi akashuka mpaka kwenye yadi ya magari ya Kiboko, palepale sokoni. Kiboko ndiye mwenye yadi, Fisi ndiye dalali wake. Na huyo Fisi, wanangu, hakuwa na neno lake mwenyewe. Mteja akitaka nyeupe, ni nyeupe. Akitaka nyeusi, imeshakuwa nyeusi!

"Karibu, karibu, shangazi!" Fisi akadakia. "Tazama gari hili jeupe! Kilomita elfu ishirini tu! Lilikuwa la mwalimu mmoja, alikuwa akienda nalo harusini basi."

"Harusini basi?"

"Na harusi zenyewe za jirani!" Kiboko akakoroma kutoka kivulini.

Bi Digidigi akachungulia ndani. Lo! Mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma kinaonekana. Kiti cha dereva kimebonyea shimo. Moyo ukaanza kumdunda, du, du, du. Harusi gani hizi? Lakini mita ilisema elfu ishirini, na yeye ushahidi hana. Akibisha, Kiboko atamfokea na yadi nzima itamcheka.

Pembeni kabisa akaona gari jingine, pikapu, rangi ya kijani iliyopauka. Akasogea kuangalia mita. Kilomita laki tatu na ushee!

"Achana na hilo, shangazi!" Fisi akamkimbilia. "Hilo chuma chakavu. Korongo mkunga kalileta jana, kastaafu. Hata mita yake bado hatujaigu... hatujaifuta vumbi. Kesho linakatwa vipande."

"Naomba niliwashe tu, kaka."

Mrrrrr! Injini ikashika mara moja. Haikukohoa, haikutoa moshi. Pedali zimelika, kiti kimechakaa, kama inavyopasa gari la safari zote hizo. Bi Digidigi akalipenda. Lakini laki tatu, jamani! Litaupanda mlima kweli? Na kama lile jeupe ni zima, si atakuwa ameacha bahati yake mwenyewe?

Alitaka ukweli, na ukweli ulikuwa vinywani mwa wale wawili. Atautoaje? Akafikiri chapuchapu, kama wadogo walivyozoea kufikiri wakiwa mbele ya wakubwa. Kisha akashusha pumzi, hhhh!

"Basi nirudi zangu. Gari jeupe ni zuri, ila kwetu mlimani hatununui gari changa."

"Changa?" Fisi akashangaa.

"Ndiyo. Gari ambalo halijatembea, utalijuaje? Shemeji yangu alinunua moja, likamzimikia kilima cha kwanza. Wakwe wameniagiza lililozunguka dunia. Acha nikamwone Nyati, ana yadi ng'ambo ya mto."

Akageuka, kwata kwata kwata, anaelekea getini.

Fisi huyo mbele yake! "Ngoja, shangazi! Kwani nani kasema halijatembea?"

"Si mita?"

"Mita! Wewe nawe unaamini mita? Kaichezea mzee mwenyewe!"

"Kwa mkono wangu huu!" Kiboko akajipiga kifua, pu! "Elfu ishirini ni maneno ya mita. Hili limetembea laki tano!"

"Lilibeba mawe machimboni!" Fisi akaongeza.

"Likapinduka!"

"Mara mbili!"

"Eeh! Hapo sasa tunaelewana," Bi Digidigi akasema, akijiuma midomo asicheke. "Basi pigeni debe."

Maana desturi ya soko lile ilikuwa hivi: gari halibadilishi mmiliki mpaka muuzaji apige debe na kulitangaza hadharani, watu wote wasikie, baadaye pasiwe na ubishi. Na Fisi kwa kutangaza, hamumwezi. Akalikamata debe, gwa! gwa! gwa!

"Wanasoko eeee! Gari hili jeupe limetembea laki tano! Limebeba mawe! Limepinduka mara mbili! Na mita tumeirudisha nyuma sisi wenyewe!"

Soko likapasuka kicheko.

Kondoo, aliyekuwa anakaribia kulipia gari lake jekundu, akaukumbatia mkoba. "Na hili langu je? Mita yake nayo mmeirudisha?" Wengine wakaanza kusogea, kila mmoja na swali lake. Fisi akalitazama debe mkononi kana kwamba ndilo lililosema.

"Umetuchezea!" Kiboko akanguruma.

"Mimi, mzee wangu? Nimesema nataka lililotembea. Mengine mmeyasema wenyewe."

"Toka kwenye yadi yangu!"

"Natoka, ila na lile la kijani. Mlisema ni chuma chakavu, basi niuzieni kwa bei ya chuma chakavu."

"Muuzie! Muuzie!" soko likapiga kelele. Kiboko, akiogopa kwamba huyu mama akibaki atauliza jingine tena, akapokea malipo na kumtupia funguo. Fisi akapiga debe safari hii kwa kidole, ti, ti. "La kijani. Laki tatu na ushee. La mkunga. Basi."

Njiani Bi Digidigi aliimba. Alipofika chini ya mlima, akaingiza gia, akashika usukani kwa nguvu zake zote. Mrrr... mrrrrr... Gari likapanda. Likapita kona, likapita mawe, likapita pale Punda alipokuwa akipumzika zamani, na halikusimama hata mara moja mpaka mlangoni. Watoto wakatoka mbio, "Mama! Mama! Ni letu?" Naye akashuka anacheka huku machozi yanamtiririka, akasema, "Ni letu. Leteni matenga!"

Nanyi wanangu, mkija kununua gari, msiogope lililotembea sana, mwogopeni anayeficha lilikotembea.