Mrithi wa Elimu ya Kiasi

Hapo zamani, na anayesinzia aende akalale nisimulie wenye masikio, palikuwa na mji wa wakulima wa mpunga uliojua majibu mawili tu: ndiyo na hapana. Mvua imenyesha? Ndiyo. Basi mlango wa bwawa unafungwa wote. Haikunyesha? Unafunguliwa wote. Mwaka huu mpunga unaoza, mwaka ujao unakauka, na watu wanasema ni kudra ya Mungu.

Aliyekataa ni mwanamke mmoja, Bi Somoe. Tangu usichana wake aliuliza, "Imenyesha kiasi gani?" Wakamcheka, wakamwita Bi Kiasi. Hakujali. Akasoma mpaka akaota mvi, akafungua chuo, akafundisha kwamba jambo laweza kuwa kweli kidogo, kweli kiasi au kweli sana, na mlango wa bwawa nao ufunguliwe vivyo hivyo.

Alikuwa na wanafunzi watatu. Mize alikwenda mashambani kuwauliza wakulima, maana "mvua kidogo" ya mtu wa mlimani siyo "mvua kidogo" ya mtu wa bondeni. Akasikiliza, akasikiliza, mpaka wakulima wenyewe wakamchoka. Vuai akayachukua maneno yale yaliyogombana, akayapiga hesabu, yakatoa jibu moja: leo fungua robo, kesho fungua nusu. Mji ukashiba. Pandu, mvivu wa hesabu huyo, kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni na kufungua kama alivyoambiwa.

Masika moja ikaja mvua ya kutisha. Vuai akapiga hesabu, jibu likatoka: nusu. Pandu akayatazama maji, akafungua mlango wote. Bwawa likasalimika. Mpunga wa bondeni ukaenda na maji, wa wazazi wa Mize ukiwemo.

Bi Somoe naye akazeeka, macho yakafifia. Mfalme akamwita. "Bibi, Ijumaa nitajie mrithi mmoja. Usipomtaja, chuo nakifunga."

"Bwana wangu, kila mmoja anastahili kwa kiasi chake."

"Kiasi hakikai kitini, bibi. Anayekaa ni mtu."

Bi Somoe akarudi nyumbani, moyo mzito, akawaita wote. "Semeni, wanangu, msioneane haya."

Mize akasema, "Bibi, bila mimi mngepima nini? Hesabu ya Vuai imejengwa kwa maneno niliyoyaleta mimi. Anayewasikiliza watu ndiye afaaye kuwafundisha."

Vuai akasema, "Maneno kila mtu anayo. Yaligombana mpaka nilipoyapatanisha mimi. Na Pandu asijitape. Nani ajuaye kama nusu isingetosha? Hofu yake imewalaza watu na njaa."

Pandu akasema, "Kweli niliogopa. Niliushika ukuta wa bwawa, nikausikia unatetemeka. Hesabu haikuwa na neno la hilo, kwa kuwa hakuna mkulima aliyewahi kuliona. Lau ningetii, leo tungekuwa tunazikana."

"Mama yangu anakula kwa jirani mpaka leo," Mize akamwambia. Pandu akainamisha kichwa.

Walipoondoka, Bi Somoe akawapima kwa elimu yake mwenyewe. Akitanguliza usikivu, Mize anashinda. Akitanguliza hesabu, anashinda Vuai. Akitanguliza uthubutu, Pandu. Haya, na lipi litangulie? Hapo elimu ikanyamaza, ikamwachia mwenyewe. Bibi wa watu akalia, kwa maana maisha yake yote aliamini kwamba ukishapima umekwisha kuamua.

Ijumaa ikafika. Baraza likajaa pomoni. Wanafunzi watatu wamekaa mbele, kila mmoja anaitazama midomo ya mwalimu wake. Mfalme akauliza, "Nani?"

Bi Somoe akasimama, akataja jina moja. Chuo hakikufungwa. Aliyetajwa akaketi kitini. Wawili waliobaki wakaja kumbusu bibi mkono. Mmoja akabaki kufundisha chini ya mwenzake. Mwingine alifunga mizigo siku hiyo hiyo, na Bi Somoe hakumsikia tena mpaka anaingia kaburini.

Jina ninalo, lakini silitoi. Wala msinijibu "wote watatu", hilo Mfalme alishalikataa. Kiti ni kimoja, bibi amesimama, na mmoja wa watoto wake lazima ampoteze. Je, nani alistahili?