Perege Walioshtakiwa kwa Kufa

Hapo zamani, katika nchi ya Sultani Mwengo, alikuwako msuka mikeka fukara jina lake Machano. Watu walimwita punguani, naye hakuwakataza, kwa kuwa punguani huachwa aseme atakalo.

Basi ikawa Waziri Sudi alichimba mashimo ya kulainishia ngozi kando ya mto, na maji ya chokaa yakamwagikia mtoni. Watoto wa mji wakaumwa matumbo, hata binti yake Machano. Watu walipolalamika, Waziri akamshawishi Sultani, ikaandikwa amri na kupigwa mbiu: "Maji ya mto ni safi, wala hayamdhuru kiumbe yeyote. Atakayekwenda kinyume na amri hii atafungwa!"

Watu wakafyata ndimi. Machano akaingia barazani na kapu la perege waliokufa.

"Maulana, nimekuletea waasi! Amri yasema maji hayadhuru, na hawa wamekufa humo mchana kweupe, bila haya. Nakusihi uwafunge!"

Baraza zima likaangua kicheko. Waziri akafoka, "Wamekufa kwa uzee!"

"Hata huyu, asiyezidi kidole changu?"

Sultani akajiuma mdomo asicheke. "Ndimi zenu nimezichoka. Samaki na waseme wenyewe kabla ya adhuhuri, la sivyo utafungwa wewe."

Machano akajibu, "Nasikia na kutii." Akaomba mabeseni mawili. Askari wakajaza moja maji ya mto kabla hayajafika kwenye mashimo, la pili maji yaliyokwisha kuyapita, na kila beseni likatiwa perege sita wazima wa mtego mmoja. Kisha Machano akayasomea yote mawili ile amri, kwa sauti kuu.

Perege wakaogelea. Jua likapanda. Machano akatota jasho.

Mara, katika beseni la pili, mmoja akageuka tumbo juu.

"Ewe mwasi!" Machano akaruka. "Acha kufa, Sultani anakutazama!"

Akaisoma amri tena. Wa pili akafa kabla Machano hajafika katikati ya amri. Kufikia adhuhuri wote sita walikuwa wamekufa, na wale wa beseni la kwanza wakicheza. Sultani alicheka hata kilemba kikamwanguka. Alipokwisha kujifuta machozi, akauliza, "Na watoto wa mji hunywa maji yapi?"

"Haya ya pili, Maulana. Nao amri wameisikia."

Sultani akaichana amri, akamwamuru Waziri afukie mashimo kwa mikono yake, na tangu siku hiyo hapana sheria ya maji iliyoandikwa kabla maji hayajajaribiwa kwa samaki. Machano akavikwa joho la hariri lililomzidi urefu, akarudi kwake akijikwaa hatua kwa hatua, na mji mzima ukimfuata kwa vigelegele.