Mpangaji Ndani ya Kompyuta ya Sultani

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya mbali sana, maana umeme ulikuwa umekwisha kuingia mjini na watu wamekwisha kuanza kuulalamikia, palikuwa na sultani katika mji wa Mtondooni, akiitwa Sultani Ghalibu. Hakuwa mtu mwovu. Kosa lake lilikuwa moja, alijipenda kupita kadiri, na mtu wa namna hiyo akipewa kompyuta yenye kamera, basi tena.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mapajani, ila haikuwahi kukaa mapajani mwa mtu. Ilikaa juu ya mto wa hariri mkabala na kiti cha enzi, na siku zote ilikuwa macho, kwa sababu sheria ya jumba ilikataza kitu chochote kilichomo barazani kulala kabla ya Sultani, na Sultani mwenyewe alilala huku akiitazama. Palikuwa na askari wa kulinda soketi. Palikuwa na mtumishi ambaye kazi yake ilikuwa kuipapasa kila kioo chake kilipoanza kufifia. Hakuna aliyewahi kuiona ikizimwa, wala hakuna aliyefikiri kwamba inazimika.

Basi ikawa, ilipokaribia sherehe ya kuadhimisha utawala wake, kompyuta ikatoa maandishi kusema kwamba nafasi imekwisha. Sultani alikuwa amekusudia kujirekodi siku hiyo kutwa nzima, tangu anapoamka mpaka anapopiga miayo. Akamwita Waziri wake, Dahalani, akamwuliza nafasi imekwishaje.

"Udumu milele, bwana wangu," akasema Waziri. "Imejaa picha zako. Labda tungefuta moja mbili."

"Tufute ipi? Hii ni mimi nikicheka. Hii ni mimi baada ya kucheka. Hii ni mimi nikijitazama nilivyocheka. Niambie wewe ipi haina maana."

Waziri akazitazama zote kwa huzuni, akakiri kwamba hakuna.

Wakaipekuapekua kompyuta mpaka wakaona kwamba ndani ya diski mna sehemu moja kubwa isiyo na jina. Sultani akaibofya, isifunguke. Akaibofya tena kwa kidole chenye pete, isifunguke vilevile. Akarudi nyuma kitini.

"Kumbe mna mtu humu," akanena. "Ana chumba kizima ndani ya chombo changu, kodi halipi, na nikibisha hodi hanifungulii."

Akaitwa Mshamu, fundi pekee wa kompyuta pale mjini, ambaye ndiye aliyeileta na kuiwasha mara ya kwanza. Mshamu alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo yote yalikuwa ya kweli, jambo ambalo halikumfaa sana maishani. Akaitazama ile sehemu, akasema, "Mtukufu, hicho ni chumba alichokiacha mtengenezaji. Mna nakala ya programu zake za ndani, ili siku kompyuta ikiharibika iweze kurudishwa kama ilivyokuwa ilipotoka dukani. Naweza kukiondoa, na nafasi utaipata. Lakini siku ikiugua, sitakuwa na kitu cha kuiponya."

Katika maneno yote hayo Sultani alisikia neno moja tu, ikiugua. Na katika baraza la Mtondooni, kutaja ugonjwa juu ya kitu cha Sultani ni uchuro mtupu. Waziri akaziba masikio. Askari wa soketi akatema mate chini kuondoa nuksi.

"Ameichuria kompyuta yangu," akasema Sultani. "Mfungeni. Na jioni ya sherehe apelekwe kisiwa cha Popo, akawachurie popo."

Kisiwa cha Popo hakikuwa na watu wala kisima, na aliyepelekwa huko hakuwahi kurudi kusimulia. Basi mji ukaingia baridi. Sultani akatangaza kwamba atakayemtoa huyo mpangaji ndani ya kompyuta, bila kupotea hata picha moja, ataomba alitakalo. Na atakayejaribu akashindwa atafuatana na Mshamu. Vijana wote waliojua kompyuta wakasahau ghafla hata jinsi ya kuifungua.

Sasa Mshamu alikuwa na shemeji yake, Shekuwe, kaka wa mkewe. Huyu Shekuwe hakuwa na kazi, wala hakuwa akiitafuta kwa haraka. Mchana hushinda kibandani kwa Mshamu akimtazama anavyofungua na kufunga mashine za watu, na jioni hufuatana naye nyumbani kula. Watu walimwona mpumbavu, naye hakuwakatalia, kwani mpumbavu hatumwi sokoni. Siku ile alipofika kula kama kawaida yake, alimkuta dada yake, Mwanahawa, amekaa chini jikoni na jiko halina moto.

"Kaka," akasema Mwanahawa, "miaka yote umekula hapa, sijakudai kitu. Leo nakudai. Mume wangu namtaka."

Shekuwe akatafuta neno la mzaha, kama ilivyokuwa tabia yake, asilipate. Moyo ulimuuma. Akavaa kanzu ya Mshamu, iliyomfika magotini, akaenda barazani.

"Ewe Shekuwe," akasema Sultani alipomwona, "wewe nawe umekuja kumtoa mpangaji?"

"Hapana, bwana wangu. Mimi ni wakili wake."

Baraza likacheka. Shekuwe akangoja wamalize.

"Mpangaji amekubali kutoka," akasema. "Hana ugomvi na wewe. Anaomba tu atolewe kwa desturi ya mji wetu, aliyoiweka marehemu babu yako."

Na desturi yenyewe ilikuwa hii: mpangaji akitolewa nyumbani, hutoka na kila alichoingia nacho, hata kama ni msumari. Ndiyo maana Mtondooni lilikuwa jambo la kawaida kumwona mtu njiani kabeba mlango wake kichwani na dirisha kwapani, akihamia mtaa wa pili. Sultani aliijivunia sheria hiyo kuliko kilemba chake, na kwa kuwa aliona hapa pana nafasi ya kuonekana mwadilifu, akanyoosha mgongo.

"Sitazuia hata msumari wake," akasema. "Na achukue alivyokuja navyo, aende zake. Baraza lote ni mashahidi."

"Basi naomba askari wa kubeba. Na naomba kitambaa cha kufunikia, maana huko ndani mna familia ya watu, na si adabu kuwatazama wanawake wakihama."

Jambo hilo likaonekana la heshima sana. Kompyuta ikafunikwa shuka, wazee wa baraza wakageuza nyuso ukutani, na Sultani mwenyewe akafumba macho. Shekuwe akaingiza mkono chini ya shuka, akatafuta kile kitufe cha pembeni alichozoea kumwona Mshamu akikibonyeza, akakishikilia. Huku ameshikilia, akaanza kuwaamuru askari: shikeni huku, inamisheni, angalieni kizingiti. Na askari, ambao waliogopa kusema kwamba hawaoni kitu, wakapita katikati ya ukumbi mikono mitupu, migongo imepinda, wakihema. Mmoja akaomba asaidiwe upande wa nyuma.

"Wana vyombo vingi," akanong'ona Waziri, ambaye alikuwa akichungulia. "Nimeona kabati."

Askari walipokwisha kutoka nje na kutua mizigo yao uani, Shekuwe akaivuta shuka. Kompyuta ilikuwa nyeusi tii. Mtumishi akaipapasa, wapi. Akaipapasa pande zote mbili, wapi. Sultani akashuka kitini kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa muda mrefu, akainama mbele ya kioo.

"Mimi niko wapi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni.

"Umo humo humo, bwana wangu, hakuna aliyekugusa," akajibu Shekuwe. "Unapocheka umo, na baada ya kucheka umo. Ila mlango wa kuingilia ulikuwa wa mpangaji, na taa ilikuwa yake, na kioo alikiangaza yeye. Aliingia navyo siku ya kwanza, kabla ya picha yako hata moja. Nawe umesema hutazuia hata msumari."

Sultani akawatazama mashahidi. Mashahidi wakatazama viatu vyao.

"Mrudishe," akasema.

"Mtu aliyetolewa na askari harudi kwa kuitwa na askari. Labda amsikie yule aliyemleta humu mara ya kwanza."

"Ni nani?"

"Mshamu, bwana wangu."

"Mshamu yuko gerezani."

"Nami nimesikia hivyo," akasema Shekuwe. "Na tena kabla hajaletwa, ningeomba kiapo. Lolote atakalosema Mshamu juu ya kompyuta hii, liwe tamu au chungu, asifungwe kwa ajili yake, leo wala kesho."

Sultani akaapa upesi upesi, macho hayatoki kwenye kioo cheusi. Mshamu akaletwa, nguo zimekunjamana, ndevu zina vumbi. Akaitazama kompyuta, akamtazama shemeji yake aliyevaa kanzu yake, akaelewa. Akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza kitufe. Kompyuta ikaguna, ikawaka, na Sultani akatokea kiooni akicheka, na hakuna picha iliyopungua. Vigelegele vikapigwa mpaka uani, ambako askari walikuwa wangali wakipumzika kwa uchovu.

"Sema, Mshamu," akasema Sultani, akijifuta jasho. "Ulikuwa ugonjwa gani huo, nawe umeutibu kwa dawa gani?"

Hapo Shekuwe akakumbuka kosa lake. Kiapo alikiomba kwa ajili ya Mshamu, akasahau kujitia na yeye, na alimjua shemeji yake. Akamkonyeza. Akakohoa. Akajikuna sikio kwa namna ambayo mtu yeyote mwenye huruma angeielewa.

"Haikuwa na ugonjwa, mtukufu," akasema Mshamu. "Ilikuwa imezimwa tu. Mpangaji hakutoka. Yumo ndani, mahali pake."

Sultani akageuka polepole, akamtazama Shekuwe, ambaye alikuwa akiivuta kanzu ili ifunike magoti.

"Ewe Shekuwe. Kama mpangaji hakutoka, askari wangu walibeba nini?"

"Waulizwe waliobeba, bwana wangu," akasema Shekuwe kwa sauti ndogo. "Mimi sikuona kitu."

Akaitwa yule askari aliyeomba asaidiwe upande wa nyuma. Akaulizwa alibeba nini. Akafikiri, akasema, "Sijui, mtukufu, lakini kilikuwa kizito."

"Nawe Waziri, lile kabati?"

Waziri Dahalani akageuza uso ukutani, kama wazee walivyofanya.

Basi Sultani akaanza kucheka. Mwanzo alijizuia, kisha ikamshinda, akaketi chini kwenye mkeka akishika mbavu, na mtumishi alipokimbilia kamera ili amrekodi, akamfukuza kwa mkono. Alipotulia akamgeukia Mshamu, na uso wake haukuwa na mzaha tena.

"Ungeniambia ulikuwa ugonjwa mkubwa," akasema, "ningekupa jumba. Ulijua hivyo?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Mtukufu, ningesema hivyo leo, ungenitaka nikudanganye na kesho," akajibu Mshamu. "Na kazi hiyo naona ina watu wa kutosha hapa."

Maneno hayo yakamchoma Sultani, na kwa kuwa alikuwa ameapa, ilimbidi akae nayo. Akakaa nayo mpaka yakamwingia. Kisha akamwomba Mshamu radhi mbele ya baraza, kwa kinywa chake, akamwuliza afanyeje juu ya mpangaji. Mshamu akamwambia yale yale aliyomwambia mara ya kwanza, neno kwa neno, ikiugua na yote, na safari hii Sultani akayasikia mpaka mwisho. Akasema mpangaji na abaki. Shekuwe akasamehewa hila yake, na alipoulizwa ataomba nini, akaomba ruhusa ya kwenda kumpeleka shemeji yake nyumbani, kwa maana moto ulikuwa bado haujawashwa na njaa ilikuwa inamuuma. Mwanahawa alipowaona wanakuja akasimama mlangoni akalia, kisha akawashindilia pilau wote wawili mpaka wakashindwa kuinuka.

Sherehe ikafanyika, na nafasi haikupatikana, hivyo hapakurekodiwa kitu. Sultani Ghalibu akatoka kwenye roshani hali hana kioo mbele ya uso wake, akasimama akitazama uwanja uliojaa watu, wenye kanzu na wenye viraka, na waliobeba watoto mabegani ili wamwone. Akatazama muda mrefu. Kisha akamwinamia Waziri, akamwuliza hawa ni kina nani.

"Ni raia zako, bwana wangu."

"Wote hawa?" akauliza Sultani.

Hekaya yangu imeishia hapo kwenye roshani. Aliyeipenda amsimulie jirani yake, na aliyechukia asinifunge.