Vioo Vilivyokunjwa Kibirizi

Watu hudhani kwamba pupa ni ugonjwa wa walafi, wale wanaoungua ulimi kwa kukimbilia chungu kabla hakijaepuliwa. Si kweli. Hata mwenye mapenzi ya dhati hushikwa na pupa, na wahenga hawakumsamehe huyo pia waliposema kuwa mwenye pupa hadiriki kula tamu. Thobias, dereva wa Kigoma, aliisikia methali hii tangu utotoni na kuicheka. Mwaka 1996 iliacha kumchekesha.

Thobias alizaliwa Mwamgongo, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka sita tu, dada yake Leonia ndiye aliyemlea. Alimpikia, alimwogesha ziwani, na alimchapa bila huruma kila alipotoroka shule. Baadaye Leonia aliolewa Nyanza-Lac, ng'ambo ya mpaka, lakini kila mwaka baada ya mavuno alirudi kumwona mdogo wake. Ilipofika mwaka 1993 vita vikalipuka Burundi, na tangu hapo hakuna barua wala salamu iliyofika. Miaka mitatu Thobias aliishi na hamu ya kumwona. Alipokula samaki wa migebuka alimkumbuka dada yake, na alipoona mwanamke mrefu sokoni moyo ulimruka bure.

Kazi yake ilikuwa kuendesha Land Rover ya shirika moja lililowahudumia wakimbizi. Alibeba wagonjwa na magodoro kutoka ufukwe wa Kibirizi, ambako maboti ya kutoka Kagunga, kijiji cha mpakani, yalitia nanga. Njia ya kuingia ufukweni ilipita katikati ya mabanda ya dagaa, nyembamba mno. Kwa hiyo madereva wote walikuwa na desturi moja. Kabla ya kuingia walikunja vioo vya pembeni, na wakishatoka walisimama kwenye kiwanja cha juu. Hapo dereva alikunjua kioo cha kulia kupitia dirishani, akashuka kukunjua cha kushoto, akarudi kitini kutazama, na kama hakijakaa sawa akashuka tena. Hakuondoka mpaka aone ubavu wa gari kidogo na njia yote iliyo nyuma yake.

"Ukipakia magodoro, kioo cha ndani ni pambo tu," alimwonya Mzee Gervasi, dereva mkongwe aliyemfundisha kazi. "Macho yako ni hivi viwili vya nje. Usiondoke bila kuvikunjua, hata kama mkeo anajifungua."

"Mke mwenyewe sina, Mzee," Thobias alimjibu akicheka.

Siku moja alimbeba mama mmoja mkimbizi aliyeitwa Honorata. Kama ilivyokuwa kawaida yake kwa kila aliyempakia, alimuuliza kuhusu dada yake.

"Leonia wa Mwamgongo? Ego, ndiyo, namjua! Tulikuwa naye Kagunga, yeye na wanawe wawili na mama mkwe wake. Kesho anakuja na boti, aje akuulize."

"Aniulize nini?"

"Kama utawapokea. Mume wake alikufa. Mama mkwe anataka warudi Burundi, anasema mihogo inaozea shambani. Leonia akamwambia, 'Ngoja nikamwone mdogo wangu. Akisema njooni, tunakwenda. Akikataa, narudi na wenzangu.'"

"Nikatae? Mimi?" Thobias alisema, na machozi yakamtoka palepale kwenye usukani.

Jioni ile alifagia chumba chake mara mbili, akaazima mikeka kwa jirani. Jibu alikuwa nalo, tena la neno moja. Njooni.

Kesho yake boti lilichelewa. Lilipotia nanga alasiri, watu walishuka kwa kusukumana, na Thobias aliwatazama usoni mmoja mmoja mpaka macho yakamwuma. Mchukuzi mmoja, Oswald, akamwambia, "Unangoja nini hapa? Kundi la kwanza limeshapelekwa kwenye banda la kuandikishia. Wakishapangiwa kambi, utampatia wapi?"

Hakusubiri boti liishe watu. Laiti angesubiri! Leonia alikuwa bado ndani, akimshikia abiria mmoja, bibi kizee, mzigo wake. Thobias alirukia gari lililojaa magodoro, akakunja vioo, akapita kwenye mabanda huku akipiga honi kama dereva wa bwana harusi. Alipofika kiwanjani hakusimama.

"Thobias! Vioo!" alipaza sauti Mzee Gervasi, aliyekuwa akiosha gari lake.

"Nitavikunjua mbele, Mzee! Dada yangu amefika!"

Kwenye banda la kuandikishia aliomba asomewe orodha yote. Jina la Leonia halikuwamo. Aliomba isomwe tena, na bado halikuwamo. Akageuza gari mbio hadi Kibirizi, ambako Semeni, muuza dagaa aliyemfahamu vizuri, alimpokea akiwa ameshika kichwa.

"Thobias, umefanya nini? Dada yako alikuona unapanda gari. Amekukimbilia kutoka majini hadi kiwanjani akikuita. Kanga imemdondoka, hakugeuka kuiokota!"

"Yuko wapi?"

"Tulimwambia hukumwona. Mzee Gervasi aliapa kabisa kwamba umekunja vioo. Akasema, 'Baba, msinifariji. Dereva gani huyo anayeendesha gari amekunja vioo? Ameniona nilivyochakaa, akanipita.' Nilimbembeleza akae, hata maji hakunywa. Boti lilipowasha injini, akapanda."

Thobias alikimbilia ziwani na viatu vyake, maji yakamfika kifuani. Boti lilikuwa limeshaizunguka miamba, likielekea kaskazini. Aliita mpaka sauti ikakauka, akalia mbele za watu bila kuona haya.

Asubuhi iliyofuata alipanda boti la kwanza kwenda Kagunga. Alifika jua likiwa utosini, akaelekezwa kwa mzee mmoja aitwaye Martini, aliyekuwa amempa Leonia na wenzake kibanda cha kujihifadhi.

"Shikamoo, Mzee. Namtafuta Leonia."

"Marahaba. Wamevuka mpaka tangu alfajiri, mwanangu, kundi zima. Wewe ni nani kwake?"

"Mdogo wake, wa Kigoma."

Mzee Martini alimsogezea kigoda. Thobias hakuketi.

"Hakuacha neno lolote kwangu?"

"Hapana. Mtoto wake mkubwa ndiye aliyemuuliza wakifunga mizigo, 'Mama, mjomba alisemaje?' Akamjibu, 'Mjomba wako ana kazi nyingi.'"

Thobias alisimama akitazama vilima vya ng'ambo, ambako milio ya bunduki ilikuwa bado ikisikika, na askari wa mpakani walimrudisha alipojaribu kuvuka. Miaka ilipita. Alituma barua kwa wafanyabiashara na hakuna iliyojibiwa, aliuliza katika kila boti na hakuna aliyejua. Lile neno lake moja alibaki nalo kinywani, hana wa kumwambia. Hakika, mwenye pupa hadiriki kula tamu.